Mashine ya Mdogo Wangu

Nitalisema mapema ili baadaye nisionekane ninajisafisha: mdogo wangu nimemwonea wivu tangu siku aliyoletwa nyumbani akiwa amefungwa shali ya manjano, na wiki ile ya kompyuta wivu wenyewe ulikuwa umenifika kooni.

Tunafanya kazi moja. Tunatengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Mwenye kiwanja anakuletea ramani za msanifu, nawe unazigeuza kuwa jengo linaloonekana: jua limelipiga upande mmoja, magari yamepangwa vizuri, na mwanamke mmoja anatembeza mbwa ambaye hajawahi kuonekana mtaani kwetu Kileleshwa. Kazi hii inakula kompyuta. Ukishamaliza kuchora, mashine inakaa ikiipika picha yako kwa dakika arobaini, na anayepika ni prosesa, ile chipu moja ya katikati ambayo ndiyo akili ya kila kitu. Prosesa ikikimbia, unakula. Ikitembea, unapigiwa simu na wateja.

Tulianza pamoja, meza moja, chumbani kwangu, mimi nikimfundisha. Kisha akaolewa, akahamia Karen, mtaa wa wenye pesa, na akapata wateja wa kule, wale wa nyumba zenye bwawa la kuogelea na miti ambayo huruhusiwi kuifuta kwenye picha. Mimi nikabaki Kileleshwa, ghorofa ya nne, pamoja na mama yetu, ambaye alihamia kwangu kutoka Ukambani macho yalipoanza kumsumbua. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na halikurudi vizuri, la pili linaona vivuli tu. Mimi ndiye ninayemtia dawa mara tatu kwa siku. Ninamwinamisha kichwa, ninahesabu matone, na yeye huku ameangalia dari ananiuliza, "Mdogo wako amepiga simu leo?"

Kompyuta zetu tulizinunua siku moja, duka moja, mjini. Zilikuwa mashine pacha: boksi jeusi la chuma linalosimama mezani, feni mbele, feni nyuma, feni juu, na prosesa ileile, kasi yake imeandikwa kwenye katoni, tatu nukta sita. Mwenye duka aliziweka mbili juu ya kaunta akasema tuchague. Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu alikuwa ameshaweka kiganja juu ya ile ya kushoto. Nikasikia sauti ya mama ya miaka ile ya utotoni: mwache achague, si ni mdogo. Paja la kuku, kiti cha dirishani, rinda lenye mifuko. Nilichukua ya kulia, nikaibeba hadi kwenye teksi nikijua moyoni kwamba nimepewa makombo.

Kwa mwaka mzima na zaidi makombo hayo yalifanya kazi bila neno. Nisidanganye. Nilipika picha nyingi, nikalipa kodi ya nyumba, hata nikanunua tivi mpya, ile nyembamba ya kuning'iniza ukutani, badala ya ile ya zamani yenye tumbo nyuma tuliyokuwa nayo. Wiki chache baada ya hapo ndipo nikapata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuzishika: jengo jipya la ghorofa kumi na mbili, mtaa wetu huohuo, picha kumi na mbili, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Wakizipenda, nitapewa kazi za kampuni nzima.

Meneja wa mradi alinipigia Jumatatu. "Madam, tunajua uko na kazi mingi," akasema kwa upole. "Ukiona haiwezekani, sema tu mapema. Tutaongea na sister yako. Tumeona kazi yake huko Karen, ni safi sana."

Nilimwambia itawezekana. Nilikata simu nikasimama jikoni nikiwa nimeshika sufuria tupu, sijui nilitaka kupika nini.

Jumanne niliweka picha ya kwanza ipikwe. Baada ya dakika arobaini ilikuwa haijafika hata nusu. Nikafungua kile kidirisha kinachoonyesha mwendo wa mashine, nikaona namba ambayo sitaisahau: moja nukta moja. Prosesa ya tatu nukta sita ilikuwa inakokota miguu kwa moja nukta moja, na feni zinalia kama bodaboda inayopanda mlima na abiria watatu. Kwa mwendo huo, ukijumlisha majaribio na marekebisho ya kila picha, Ijumaa ingenikuta picha ya tano.

Nilifanya yote ninayoyajua. Nilizima, nikawasha. Niliangalia kama imewekwa kwenye hali ya kubana umeme; haikuwa hivyo. Nilisaka virusi, nikafuta programu ambazo sizitumii, nikafunga kila kitu kisichohitajika. Kila nikiiwasha inaanza kwa mbio, tatu nukta sita, moyo unafurahi, kisha baada ya dakika chache namba zinateremka moja moja hadi kulekule. Nikaangalia joto: digrii tisini na nane. Basi, nikajua kinachoendelea. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Lakini moto huo unatoka wapi, na mwaka mzima haukuwepo?

Mdogo wangu alipiga simu jioni hiyo kumsalimu mama, nami kwa ujinga wangu nikamwambia.

"Ai, dada, hiyo ni moto sana," akasema. "Wacha nikuje nione."

"Usikuje."

"Ni dakika ishirini tu kutoka hapa."

"Nimesema nitapeleka kwa fundi." Nilijua angekuja na miwani yake mipya, aiguse mara moja ipone, na mama amsifu wiki mbili.

Jumatano asubuhi nikachomoa nyaya, nikatoa vitu vilivyokuwa juu yake nikaviweka kwenye kochi, nikaikumbatia mashine hadi kwenye teksi. Fundi wangu yuko mjini, juu kwenye jengo lenye ngazi nyembamba, kibanda chake si kikubwa kuliko kabati. Aliifungua, akapuliza vumbi ambalo halikuwa jingi, akafuta grisi ya zamani ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozaji chake, akapaka mpya. Kisha akaiwasha na kuibebesha kazi ngumu. Tulikaa nusu saa tukiitazama.

"Ona, madam. Three point six, na haitoki hapo," akasema. "Joto sixty. Hii mashine ni fiti kabisa."

"Kwangu inaenda moja nukta moja."

"Basi shida iko kwa nyumba yako." Akacheka, lakini aliponiona uso akaacha. "Pengine umeiwekelea kwa ukuta. Hii kitu inataka kupumua. Ama ni stima ya kwenu iko chini."

Nilirudi nyumbani nimeikumbatia tena. Niliisogeza meza mbali na ukuta kwa upana wa mkono, nikafungua dirisha ingawa majirani wanajenga na vumbi lao ni la bure kwa kila mtu, nikamwita msimamizi wa ploti aje aangalie stima, yaani umeme. Akaangalia soketi kwa muda mrefu kama mtu anayesoma gazeti, akasema stima iko sawa. Nikaiwasha. Tatu nukta sita. Nikaenda kunawa uso na kumtia mama dawa, nikala ugali wangu kwa amani. Niliporudi, moja nukta moja.

Sasa sikiliza namna wivu unavyofikiri. Fundi amesema mashine ni nzima. Stima ni nzima. Grisi ni mpya. Mtu mwenye akili angeuliza ni nini kingine kilichobaki. Mimi niliona mkono wa mdogo wangu juu ya boksi la kushoto. Nilijua tu. Alikuwa amechagua nzima akaniachia yenye ugonjwa unaojificha mbele ya fundi, kama mtoto anayekohoa usiku kucha na kufika kwa daktari akitabasamu.

Nikampigia. Sikusalimia.

"Nataka tubadilishane mashine," nikasema. "Mimi nichukue yako, wewe uchukue yangu. Mpaka Ijumaa."

"Sawa dada. Nitaileta asubuhi."

Angekataa ningempenda zaidi. Ningepata sababu ya kumkasirikia kwa haki. Lakini alikubali kwa urahisi, kama mtu mwenye vitu vingi.

Alhamisi saa mbili alikuja, akasimamisha gari chini, hakupanda kwa sababu alikuwa amechelewa kwa mteja. Tulibadilishana mashine pale kwenye maegesho kama wezi. Niliipandisha yake ghorofa ya nne, nikaiunganisha, nikaweka picha ipikwe. Tatu nukta sita. Saa nzima, tatu nukta sita. Picha ya kwanza ikaiva, ya pili ikaanza. Nilikaa kwenye kiti changu nikasikia raha mbaya, raha ya kuthibitishiwa kwamba umeonewa. Nilijua, nikajiambia. Tangu dukani nilijua.

Nikaenda kuoga. Nikamwandalia mama chai, nikamsikia akipapasapapasa sebuleni, akiweka mambo yake sawa kama kawaida. Nikarudi mezani.

Moja nukta moja.

Sikulia, lakini nilikaa chini kwenye sakafu. Nikampigia. "Yangu inaendaje huko?"

"Inakimbia tu vizuri, dada. Tangu niiwashe iko three point six. Kwani yangu...?"

Hebu fikiria. Mashine yangu imefika Karen imepona. Mashine yake imefika kwangu imeugua. Wakati huo niliamini kabisa, mtu mzima niliyesoma, kwamba kuna watu ambao mambo huwanyookea na wengine ambao hata chuma huwadharau.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo uangalie." Na neno hilo lilinitoka kama jino.

Saa tisa mchana aliingia. Alivua viatu mlangoni, akamkumbatia mama, mama akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumwambia amekonda. Kisha akaja mezani kwangu. Nilikuwa nimekaa nikitazama namba kwenye skrini, tayari kumwonyesha. Nilingoja aniulize joto, aniulize feni. Hakuuliza. Nilipogeuka nikaona haangalii skrini. Anaangalia juu ya mashine.

"Hiki alikifuma lini?" akauliza polepole.

Inabidi nieleze. Mama alikuwa mfumaji wa vitambaa. Nyumba zetu mnazijua: kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kitambaa kwenye stuli, kitambaa kwenye redio na juu ya friji. Nilipohama nyumbani alinipa kumi na tisa, vyeupe, vimepigwa pasi, vimepangwa kwenye begi. Mdogo wangu alipoolewa, mama alitaka kumfumia vyake, naye akasema asante Mum, lakini nyumba yangu haina mahali pa mavitambaa. Alisema akicheka, hakukusudia ubaya. Baada ya hapo alifuma kimoja tu, kikubwa, cha ile tivi yetu ya tumbo, chenye kingo za samawati, akakishonea kitambaa kizito kwa ndani ili vumbi lisipite. Kisha macho yakamkatalia.

Na nilipoleta tivi nyembamba, hicho kikakosa pa kukaa. Tivi ya ukutani haina mgongo wa kuvishwa. Kikakaa kimekunjwa wiki kadhaa, kisha mama akakitafutia kazi nyingine. Akakiweka juu ya kompyuta yangu, kikaning'inia mbele hadi katikati na pembeni pande zote, na juu yake akaweka chupa ya maua ya plastiki. Nilipoipeleka kwa fundi nilikitoa. Niliporudi akakirudisha. Mashine ya mdogo wangu ilipokaa mezani saa nzima bila nguo, alipita, akaipapasa, akaona haya kwa niaba yangu, akaivisha. Nami sikuwahi kukiona. Kwetu kitambaa hakionekani, ni kama rangi ya ukuta. Nilifungua dirisha na nikaita mtu wa stima, huku mashine imefunikwa feni ya juu na ya mbele kama mgonjwa wa malaria.

Mdogo wangu aliiondoa chupa ya maua, akakiinua kitambaa kwa vidole viwili kila upande. "Na kina joto," akasema, akashangaa kidogo, kisha akasahau. Akaenda nacho dirishani. Akakigeuza kwenye mwanga, akafuata kingo za samawati kwa ncha ya kidole, fundo kwa fundo.

Nyuma yangu feni zilishusha pumzi. Niliangalia skrini. Moja nukta tano. Mbili nukta mbili. Namba zilipanda huku yeye amenipa mgongo, hajui wala hajali. Tatu nukta moja. Tatu nukta sita, zikakaa hapo.

"Dada," akasema bila kugeuka. "Nipe hiki."

Nilikuwa nimeokolewa muda uleule. Picha kumi na mbili, Ijumaa saa sita, kampuni nzima. Ningemshukuru. Ningempa kitambaa na chupa ya maua na mbwa wa Kileleshwa. Lakini niliona mgongo wake pale dirishani na nikajua kwamba kwa mara ya kwanza maishani kuna kitu ninacho ambacho yeye hana, na anakitaka.

"Si ulisema nyumba yako haina mahali pa mavitambaa?"

Alikikunja. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka mezani karibu na kibodi. Akaenda jikoni akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, akamuaga mama, akavaa viatu. Mlangoni aliniambia nikae na mashine yake mpaka nimalize. Nilikitumbukiza kitambaa kwenye droo ya meza, nikafunga.

Picha zilijipika usiku kucha mimi nikiwa nimelala, na Ijumaa saa nne nilikuwa nimeshazituma. Meneja alipiga simu saa nane. Walizipenda. Hakumtaja mdogo wangu hata mara moja, nami nilingoja amtaje ili nifurahi zaidi.

Alasiri hiyo nilimtia mama dawa. Matone mawili kila jicho. Baada ya hapo aliinuka akapita akipapasa vitu vyake, kochi, stuli, redio, akafika mezani kwangu. Mkono wake ukakuta chuma.

"Kitambaa kiko wapi?"

Sikuweza kumwambia kwamba kazi ya mikono yake ya mwisho nusura inikoseshe kazi. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Nimempa mdogo wangu."

Mkono wake ulibaki palepale juu ya mashine. "Umempa, ama aliomba?"

"Aliomba."

"Aliomba akisemaje?"

"Alisema, nipe hiki."

Alitafuta kiti, akakaa. Aliniomba nirudie. Nikarudia, nikamwambia pia alivyokipeleka dirishani, alivyofuata kingo kwa kidole. Aliniuliza kidole gani. Nimeishi na mama huyu maisha yangu yote, nimempikia, nimemshika mkono ngazi za hospitali, nimepokea vitambaa kumi na tisa nikasema asante, na ule uso sikuwahi kuuona kwa ajili yangu.

"Uzi ule ulikuwa wake," akasema. "Samawati. Nilikuwa nimeununua wa harusi yake. Aliposema hataki, nikasema wacha niumalizie kwa tivi." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa upande wa leso, nikamkumbusha asiyasugue kwa sababu ya dawa.

Kitambaa kilikuwa kwenye droo, sentimita chache kutoka goti lake. Nilingoja aende kulala kidogo ndipo nikakitoa, nikakipiga pasi, nikakifunga kwenye gazeti.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Karen kurudisha mashine na kuchukua yangu. Nilimwekea mdogo wangu furushi mikononi pale mlangoni, nikamwambia, mama amekubali. Alilifungua tukiwa tumesimama, akakiweka shavuni kama mtoto, mbele ya msichana wake wa kazi, bila aibu. Akaniuliza kama mama alisema kitu chochote.

Nilimwambia hapana. Habari ya uzi nilibaki nayo mimi.